Vijaa Vilivyogeuzwa Sakafu

*Kwa zaidi ya miaka 100 wakazi wa St Albans, Uingereza, walivutana na watawa juu ya haki ya kusaga nafaka nyumbani kwao. Ugomvi huo ulioanzia jikoni ulifika kwa malkia, ukafika mahakamani, na ukaishia kwenye kitanzi.*

Jumamosi ya tarehe 15 Juni 1381, umati wa wakazi wa St Albans, mji ulioko kilomita zipatazo 30 kaskazini mwa London, uliingia katika abasia iliyoutawala mji huo na kwenda penye chumba cha maongezi cha watawa. Hapo wakaanza kung'oa sakafu.

Sakafu hiyo ilitandikwa mawe ya kusagia. Yalikuwa vijaa, vile vya mawe mawili, la chini likitulia na la juu likizungushwa kwa mkono, na vilikuwa vimenyang'anywa kutoka nyumba za mji huo miaka 50 hivi kabla yake. Watu waliyang'oa mawe, wakayavunja, na kila mmoja akapewa kipande aende nacho kwake.

Habari hizi zimehifadhiwa na Thomas Walsingham, mtawa wa abasia hiyohiyo na mwandishi wa tarekhe, aliyewachukia waasi kwa moyo wake wote. Hata hivyo aliandika jambo moja la ajabu: kwamba vipande vile viligawanywa kama mkate mbarikiwa unavyogawanywa parokiani siku ya Jumapili.

Mji wa mtakatifu

Abasia ilijengwa mahali panapoaminika kuwa ndipo Alban, mfiadini wa kwanza wa Uingereza, alipokatwa kichwa zama za utawala wa Warumi. Mapokeo yanasema Mfalme Offa wa Mercia ndiye aliyeianzisha mwaka 793. Wanormani walipoiteka nchi, Abate Paul kutoka Caen alianza kujenga kanisa jipya mwaka 1077, na matofali aliyachukua kwenye magofu ya Verulamium, mji wa Kirumi uliokuwa ng'ambo ya mto Ver.

Watawa wake walikuwa Wabenediktini, shirika ambalo wasomaji wa Tanzania wanalifahamu kupitia abasia za Peramiho na Ndanda. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, huipangia siku ya mtawa sala, kazi na kusoma, na humpa kila mtawa ratili moja ya mkate kwa siku.

Lakini abasia kubwa ya karne ya 13 haikuwa nyumba ya sala peke yake. Abate wa St Albans alikuwa mwenye ardhi, mwenye soko, mwenye misitu, mwenye samaki wa mtoni na sungura wa porini. Alikuwa na mahakama yake na gereza lake. Papa Adrian IV, Mwingereza pekee aliyewahi kushika kiti hicho na mzaliwa wa maeneo hayohayo, aliitoa abasia chini ya mamlaka ya askofu katika miaka ya 1150. Katika mambo ya Kanisa, aliyekuwa juu ya abate ni papa, naye alikuwa mbali.

Mkazi wa mji alibatizwa, akahukumiwa, akatozwa kodi na hatimaye akazikwa chini ya kivuli cha mnara mmoja. Aliyeshtakiana na abate alishtakiana na mwenye shamba lake, na pengine na mwenye funguo za mbingu yake pia.

> *Aliyeshtakiana na abate alishtakiana na mwenye shamba lake, na pengine na mwenye funguo za mbingu yake pia.*

Kinu cha bwana

Kitabu cha Domesday, sensa ya mali iliyofanywa kwa amri ya Mfalme William mwaka 1086, kilihesabu vinu vya maji takriban 6,000 nchini Uingereza. Maji yalisukuma gurudumu, gurudumu likazungusha mawe makubwa, na gunia la ngano au shayiri likawa unga kwa muda ambao mwanamke mwenye kijaa angekuwa bado anahangaika na vibaba vichache. Kilikuwa chombo cha maana, wala hakuna aliyebisha.

Ugomvi ulikuwa juu ya kulazimishwa. Chini ya ukabaila, bwana aliyemiliki kinu aliweza kuwaamuru watu wake wasisage kwingine. Kila gunia lililoingia lilikatwa ujira: sehemu moja kati ya 16, au 20, au 24, kutegemea mahali na hadhi ya mtu. Mtwana alikatwa zaidi kuliko mtu huru. Aliyekamatwa na unga uliosagwa kwingine aliweza kunyang'anywa unga huo na kutozwa faini juu.

Haba na haba hujaza kibaba, na ghala za mabwana zilijazwa hivyohivyo. Tena mkate ulikuwa chakula kikuu, na hapakuwa na wiki ambayo familia haikuhitaji unga. Ushuru wa soko mtu angeweza kuukwepa kwa kutokwenda sokoni. Ujira wa kinu ungekwepwa kwa njia moja tu, nayo ni kijaa kilichofichwa pembeni mwa nyumba.

Msagaji naye aliongeza kero. Geoffrey Chaucer, mshairi aliyeishi karne hiyo ya 14, alipomchora msagaji katika hadithi zake za mahujaji wa Canterbury alimfanya mwizi wa nafaka za wateja, na wasomaji wake hawakuhitaji kuelezwa sababu.

Mabwana walijua thamani ya kile walichokilinda. Mwaka 1191, huko Bury St Edmunds, kasisi mmoja aitwaye Herbert alijenga kinu cha upepo kwenye ardhi yake. Vinu vya upepo vilikuwa kitu kigeni wakati huo, na Herbert alidai kwamba upepo ni wa watu wote. Abate Samson aliwaka kwa hasira, akaamuru mafundi wakakibomoe. Herbert aliposikia hivyo alikibomoa mwenyewe kabla hawajafika.

Kilio mbele ya malkia

Huko St Albans mvutano ulipamba moto mwaka 1274, wakati wa Abate Roger Norton. Abasia haikudai nafaka pekee. Ilidai pia kwamba vitambaa vya sufu vipelekwe kwenye vinu vyake vya kupondea, ambako kitambaa kilipigwapigwa ndani ya maji mpaka nyuzi zikashikana. Watu maskini walikuwa wakiifanya kazi hiyo nyumbani kwa miguu na mikono.

Malkia Eleanor, mke wa Edward I, alikuwa akipita mjini. Kwa mujibu wa tarekhe ya abasia yenyewe, abate alijaribu kumwingiza kwa njia nyingine ili asikutane na umati. Hila haikufaulu. Wanawake walikusanyika wakamlilia malkia awaondolee dhuluma.

Kwamba waliojitokeza walikuwa wanawake si ajabu hata kidogo. Kijaa kilikuwa kazi ya mwanamke: yeye ndiye aliyekaa nacho alfajiri, na yeye ndiye aliyejua gunia lilikwenda mtoni na nini na likarudi na nini. Kumbukumbu za zama zile zimejaa majina ya maabate na wafalme. Wanawake wale hawakutajwa hata mmoja kwa jina.

Kesi ilifika katika mahakama ya mfalme. Wenyeji walishindwa.

Hati ya mwaka 1327

Nafasi nyingine ilikuja pale kiti cha enzi kilipotikisika. Mwishoni mwa 1326 Mfalme Edward II alipinduliwa na mkewe Isabella, na Januari 1327 mwanawe Edward III akawekwa mahali pake. Serikali ilipolegea, wakazi wa St Albans waliizingira abasia.

Walikuwa na hoja ya kisheria. Domesday iliwataja wenyeji 46 wa St Albans kuwa raia wa mji wenye haki zake, na kwa msingi huo walidai mipaka ya mji itambuliwe, wapeleke wawakilishi bungeni, na wasage nafaka zao kwa vijaa vyao wenyewe. Abate Hugh wa Eversden, mzee na mgonjwa, alikubali. Hati ikaandikwa.

Madai hayo hayakuwa na uzito sawa kwa kila mtu. Mfanyabiashara tajiri alitaka zaidi bunge na uhuru wa mji, maana huko ndiko biashara yake ingelindwa. Mjane wa kichochoroni hakuwa na haja ya bunge. Vijaa ndivyo vilivyowaunganisha wote wawili, kwa sababu wote walikula mkate.

Mwana wa mhunzi

Hugh alifariki mwaka huohuo. Aliyechaguliwa kumrithi alikuwa Richard wa Wallingford, mmoja wa watu wenye akili za pekee katika karne yake, na ambaye ni vigumu kumchukia hata kwa kisa hiki.

Baba yake alikuwa mhunzi. Alipofiwa akiwa mtoto, alichukuliwa na mkuu wa nyumba ya watawa ya Wallingford na kusomeshwa hadi Oxford. Aliandika vitabu vya hesabu na elimu ya nyota, akabuni chombo alichokiita Albion cha kukokotoa mahali pa sayari. Katika abasia alianza kujenga saa kubwa ya chuma, iliyoonyesha mwendo wa jua na mwezi na hata kujaa kwa maji penye Daraja la London. Tarekhe ya abasia inasimulia kwamba Edward III alimkemea kwa kutumia fedha kwenye saa ilhali kanisa lilihitaji ukarabati. Abate alijibu kuwa maabate watakaokuja wataweza kupata mafundi wa kuta, ila hakuna atakayeweza kuimaliza saa hiyo akishakufa yeye.

Mtu huyo alikuwa na ugonjwa ambao watu wa zama zake waliuita ukoma, ulioharibu sura yake na kumfanya ashindwe kusema vizuri. Abasia ilikuwa na hospitali za wakoma, ya Mtakatifu Julian kwa wanaume na ya Maria wa Pré kwa wanawake, na kwa desturi mgonjwa wa aina yake angetengwa. Yeye alibaki kitini. Kutoka kitini hapo, mapema katika miaka ya 1330, aliwabana wenyeji kwa kesi moja baada ya nyingine mpaka wakaisalimisha hati ya 1327 pamoja na vijaa vyao.

Mawe yaliletwa abasiani kutoka kila mtaa. Angeweza kuyatupa mtoni. Aliamua yatandikwe sakafuni, penye chumba cha maongezi.

Mahali hapo hapakuchaguliwa ovyo. Watawa waliishi kwa ukimya, na chumba cha maongezi kilikuwa sehemu waliporuhusiwa kuzungumza na kupokea watu wa nje. Mwenyeji aliyekuja kuomba ahirisho la deni au kulalamikia faini alifika akikanyaga jiwe ambalo huenda mama yake ndiye aliyekuwa akilizungusha. Richard alifariki mwaka 1336. Mawe yaliendelea kusema kwa niaba yake.

> *Mwenyeji aliyekuja kuomba ahirisho la deni alifika akikanyaga jiwe ambalo huenda mama yake ndiye aliyekuwa akilizungusha.*

Upande wa watawa

Watawa hawakujiona wezi. Kinu cha maji kilidai gharama: bwawa, mfereji, gurudumu, mawe yanayochakaa, mishahara ya mafundi. Aliyegharamia alitarajia kurudishiwa, na kijaa katika kila nyumba kilimaanisha kinu kitupu.

Pili, fedha hazikwenda tumboni pekee, ingawa hapo pia zilifika. Abasia ililisha maskini langoni, ilihudumia wagonjwa, ilipokea mahujaji waliokuja kugusa masalia ya Alban, na ilibeba mzigo mzito kuliko yote, ule wa kumpokea mfalme na msafara wake kila alipopita njia hiyo ya kaskazini.

Hoja ya tatu ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi machoni pao. Mali ya abasia haikuwa ya abate. Ilikuwa ya mtakatifu, na abate alikuwa mdhamini wake tu. Kwa fikra hiyo, kuwasamehe wenyeji ujira wa kinu kungekuwa kutoa sadaka mali ya mtu mwingine, tena mtu aliye mbinguni.

Dini hapa haikuwa kisingizio cha tamaa, kama inavyosemwa kwa wepesi siku hizi. Watawa waliamini walichosema. Hilo ndilo lililozuia mapatano: bwana wa kawaida angeweza kuuza haki yake ya kinu akiishiwa fedha, wakati abate aliyeiuza angekuwa amemwibia Alban.

Wenyeji nao walikuwa Wakristo. Hawakudai abasia ifungwe wala masalia yatupwe. Walisema kwamba hapo zamani walikuwa huru, kwamba Mfalme Offa mwenyewe aliwapa waashi waliolijenga kanisa hati ya uhuru yenye herufi za dhahabu na buluu, na kwamba watawa waliificha. Hati hiyo haikuonekana kamwe. Imani juu yake ilirithishwa toka baba hadi mwana.

Tauni na kodi ya kichwa

Mwaka 1349 tauni iliingia abasiani. Abate Michael wa Mentmore alikufa, na watawa zaidi ya 40 pamoja naye. Nchi nzima ilipoteza kati ya theluthi na nusu ya watu wake.

Waliobaki walijikuta na thamani mpya. Vibarua walikuwa wachache na mashamba yalikuwa yaleyale, kwa hiyo ujira ulipanda. Bunge, lililojaa wenye mashamba, lilipitisha sheria mwaka 1351 ya kuurudisha ujira kwenye viwango vya kabla ya tauni. Watwana waliokwisha kuonja bei halisi ya jasho lao walirudishwa kwenye kazi za lazima.

Juu ya hayo ikaja kodi ya kichwa ya kugharamia vita na Ufaransa. Mwaka 1377 ilikuwa peni 4 kwa kila mtu mzima. Ile iliyopitishwa mwishoni mwa 1380 ilikuwa peni 12, yaani shilingi nzima, sawa na ujira wa kibarua wa siku tatu au nne. Mwisho wa Mei 1381 wanavijiji wa Essex waliwafukuza watoza kodi huko Brentwood, na moto ukaenea hadi Kent, ambako Wat Tyler aliibuka kuwa kiongozi na kasisi John Ball akahubiri kwamba Mungu hakuumba bwana na mtwana.

Alhamisi ya tarehe 13 Juni waasi waliingia London. Ilikuwa sikukuu ya Ekaristi, siku ambayo Kanisa huuadhimisha mwili wa Kristo katika umbo la mkate.

Siku tatu za William Grindecobbe

Kiongozi wa St Albans aliitwa William Grindecobbe. Walsingham, ambaye hakuwa na sababu ya kumsifu, anasema alilelewa na kusomeshwa karibu na watawa, na baadhi yao walikuwa jamaa zake. Aliwahi pia kutengwa na Kanisa kwa kuwapiga watawa. Alikuwa mtu wa pande zote mbili za ukuta.

Ijumaa tarehe 14 aliongoza wenzake hadi London. Huko Mile End, Mfalme Richard II, kijana wa miaka 14, alikuwa akiwaahidi waasi kuufuta utwana. Siku hiyohiyo Askofu Mkuu Simon Sudbury alikatwa kichwa nje ya ngome ya Tower. Grindecobbe alirudi nyumbani, na wenyeji wakapata barua ya mfalme iliyomwamuru abate awarudishie hati zao.

Jumamosi mji ulikuwa wao. Walibomoa milango na uzio wa misitu ya abate, wakavunja gereza na kuwatoa wafungwa, isipokuwa mmoja waliyemhukumu wenyewe na kumkata kichwa. Sungura mmoja aliyekamatwa porini alifungwa akiwa hai kwenye nguzo ya adhabu mjini, kutangaza kwamba uwindaji si wa abate tena. Abate Thomas de la Mare alisema yuko tayari kufa kwa ajili ya haki za nyumba yake. Watawa wenzake walimjibu kwamba kifo chake hakingeokoa chochote, naye akazitoa nyaraka, zikachomwa moto sokoni.

Kisha wakaenda kwenye sakafu.

Mkate wa mawe

Ulinganisho wa Walsingham unahitaji maelezo kwa msomaji wa leo. Katika karne ya 14 muumini wa kawaida hakupokea Ekaristi kila wiki. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ulimtaka apokee angalau mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka, na wengi waliishia hapo.

Kila Jumapili, hata hivyo, palikuwa na mkate mwingine. Nyumba za parokia zilipokezana zamu ya kuuleta. Padri aliubariki baada ya misa, ukakatwa, na kila mtu akapewa kipande. Haukuwa sakramenti. Ulikuwa alama ya ujirani: wanaoula pamoja wana amani wao kwa wao. Aliyenyimwa kipande alijua amesutwa mbele ya mji mzima.

Hivyo watu wa St Albans walilivunja jiwe lililosaga mkate wao na kuligawanya kwa namna ya mkate. Huenda hilo ni pambo la kalamu ya mtawa, lakini haielekei. Adui anayetaka kuwapaka matope waasi hawafananishi na waumini kanisani, na Walsingham kwingineko anawaita kwa majina ya kila aina. Yaelekea aliandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, au ndivyo alivyosimuliwa na walioona, na akahisi kuna kufuru ndani yake. Anaongeza kwamba walitaka kila anayekitazama kipande akumbuke kuwa kisasi kimelipwa.

> *Walilivunja jiwe lililosaga mkate wao na kuligawanya kwa namna ya mkate.*

Siku ileile, huko Smithfield, London, Meya William Walworth alimchoma Wat Tyler kwa upanga mbele ya mfalme. Mawe yalikuwa yakigawanywa St Albans wakati uasi wenyewe ukikatwa kichwa.

Jaji anawasili

Tarehe 2 Julai mfalme alizifuta ahadi zote. Grindecobbe alikamatwa pamoja na wenzake, akiwemo mwoka mikate William Cadyndon. Aliachiwa kwa dhamana kwa sharti kwamba awashawishi wenyeji waisalimishe hati ya uhuru ambayo abate alilazimika kuwapa Juni. Alipofika mbele yao aliwaambia wasirudi nyuma kwa kumhofia yeye, kisha akarudi kifungoni.

Richard II aliingia St Albans katikati ya Julai akiwa na Jaji Mkuu Robert Tresilian, aliyeteuliwa baada ya mtangulizi wake, John Cavendish, kuuawa na waasi huko Suffolk. Wazee wa baraza walipokataa kutaja majina, Tresilian aliwatisha na kuita baraza jingine, mpaka majina yakapatikana. John Ball, aliyekamatwa Coventry, aliletwa pia St Albans, akanyongwa na mwili wake ukakatwa vipande tarehe 15 Julai. Grindecobbe alinyongwa siku hiyohiyo. Wenyeji 15 walikufa kwa kitanzi.

Usiku, watu waliishusha miili wakaizika. Mfalme alipopata habari aliamuru ifukuliwe na itundikwe tena kwa minyororo, na kazi hiyo wakapewa wenyeji wenyewe, kwa mikono yao, miili ikiwa imekwisha kuoza. Walsingham analisimulia hilo bila huruma. Tresilian mwenyewe alinyongwa London mwaka 1388, katika vita vingine vya madaraka.

Saa mbili, lango moja

Ujira wa kinu uliendelea kukatwa, ingawa utwana nchini Uingereza ulikuwa ukidhoofika kwa sababu za uchumi zaidi ya za uasi. Huko Ufaransa haki ya bwana juu ya kinu na tanuri iliishi hadi Mapinduzi, yaliyoifuta kabisa mwaka 1793.

Kati ya mwaka 1403 na 1412 wenyeji wa St Albans walijenga mnara wao wa kengele sokoni, ukiielekea abasia. Watawa walikuwa na saa ya Richard wa Wallingford, iliyokamilishwa baada ya kifo chake. Mji nao ukaanza kupiga saa zake. Mnara huo ungali umesimama.

Tarehe 5 Desemba 1539 Mfalme Henry VIII aliifunga abasia kama alivyozifunga nyingine zote nchini. Watawa walitawanyika kwa pensheni, majengo yakabomolewa, saa ya Richard ikapotea na chumba cha maongezi kikatoweka pamoja na sakafu yake. Mwaka 1553 wenyeji walipewa hati ya mji waliyoitafuta tangu enzi za babu zao, na kwa pauni 400 wakalinunua kanisa kubwa liwe parokia yao. Tangu 1877 ni kanisa kuu la jimbo.

Katika majengo mengine ya abasia, lililobaki ni lango kuu, lililojengwa katika miaka ya 1360 na Abate Thomas de la Mare. Liliendelea kuwa gereza la mji hadi mwaka 1868. Leo ni sehemu ya shule.